Mkwe Asimame, Mgeni Apite

Watu walisema ana roho ngumu. Waliomwona mazikoni, amesimama ndani ya koti lake, macho makavu kama mtu aliyepanga foleni posta, walirudi makwao na la kusema. "Miaka thelathini na minne ya ndoa, hata chozi la kuazima hana!" Waache waseme, mdomo ni mali ya mwenyewe. Lakini laiti wangejua alivyojaribu. Alijifungia bafuni, akafungulia bomba ili asisikike, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akingoja chozi lije. Chozi likagoma. Akafunga bomba akatoka, maana maji yalikuwa yanapotea bure.

Mtaani walimwita Bwana Ishara. Alikuwa mtu wa reli tangu ujana, na miaka kumi na saba ya mwanzo aliimalizia kwenye kibanda cha ishara, akivuta mikono ya chuma ili treni zijue pa kusimama na pa kupita. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Hawakujaliwa mtoto. Walichojaliwa ni meza.

Meza yenyewe ilijaza chumba cha nyuma, ukuta kwa ukuta, na juu yake palikuwa na reli ndogo ya mezani: treni mbili, injini moja ikiwa na urefu wa kiatu, stesheni, daraja, handaki la magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, nyumba kumi na tisa, na watu mia moja na zaidi, kila mmoja wao si mrefu kuliko kidole gumba. Mume alitandika reli na nyaya. Mke alijenga nyumba kwa maboksi ya viatu, na watu akawashona kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja. Palikuwa na mama amebeba kikapu, mlevi amelala benchini, bibi harusi anayekimbilia treni huku gauni likimkwama mlangoni. Miaka tisa walifanya kazi hiyo, na miaka yote tisa waligombana. Yeye akisema hakuna stesheni yenye watu wengi kiasi hicho, mkewe akisema hakuna treni inayokwenda bila watu.

Siku za mwisho mkewe alipokuwa haondoki tena kitandani, walijaza pamoja fomu ya maonyesho ya reli ndogo, yale yanayofanyika kila mwaka kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Mke akamshika mkono. "Watu wangu hawajaonwa na mtu hata siku moja," akasema. "Wasibaki chumba cha nyuma. Uwapeleke."

"Nitawapeleka," mumewe akajibu. Hilo ndilo neno la mwisho la maana alilomwambia, na ahadi kwa maiti haina pa kuombea msamaha. Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Siku ya kisa hiki, wiki ya sita tangu msiba, ilikuwa Jumatano ya wiki hiyohiyo.

Sasa sikia kilichomponza. Ili ipite mlangoni, meza ilitengenezwa vipande vinne vinavyofungwa kwa bawaba, na kwenye kila kiungo palipita nyaya nane, nyekundu nne na za kijani nne. Mtu mwenye akili zake angefunga vikaratasi vya namba kila upande kabla ya kukata. Bwana Ishara si mjinga, hata misumari alikuwa anaipanga kwa ukubwa. Lakini asubuhi ile aliamka kama anavyoamka kila siku tangu mazikoni, mwili upo na mwenyewe hayupo, akapiga magoti chini ya meza, akakata zote, kiungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipomaliza ndipo akagundua amekatia mkasi wa kitambaa wa mkewe, mkasi ambao hata karatasi haukuruhusiwa kuugusa. Zamani kosa hilo lingeleta vita vya siku tatu. Aliutazama mkasi, akaurudisha kwenye droo ya cherehani. Hakusikia kitu.

Kisha akatazama ncha za nyaya zinavyoning'inia, na zote zilikuwa rangi moja.

Maana hiyo ndiyo siri yake, na siri ya mtungi aijuaye kata. Bwana Ishara hakuwa anaona nyekundu wala kijani. Buluu aliiona, njano aliiona vizuri tu, lakini hizo mbili kwake zilikuwa udongo mtupu. Kata aliyeijua siri hiyo alikuwa mkewe peke yake, na sasa hayupo.

Alhamisi akaja shemeji yake, mdogo wake mkewe. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke aliyezoea kupaza sauti juu ya masufuria ya watoto mia tatu, na hata chumbani kwa watu wawili sauti hiyo hakuipunguza. Aliingia na bakuli la wali na maharage, akafungua madirisha yote bila kuomba ruhusa.

"Shemeji, nyumba inanuka kama soksi. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula lini? Mwaka jana? Kaa hapo."

Akala, kwa sababu kubishana naye ni kazi kuliko kula. Vipande vinne vya reli vilikuwa vimeunganishwa sebuleni, makochi yamesukumwa ukutani. Nyaya alikuwa ameziunganisha tangu alfajiri kwa kubahatisha, akijiambia kuwa bahati nayo ni fundi. Haya, tuone.

Daraja la reli ile lilikuwa na njia moja tu. Kila upande palisimama taa ndogo ya ishara, kitone kimoja kinachobadilika rangi. Ikiwaka nyekundu, umeme unakatika kipande kile na treni inasimama yenyewe ingoje mwenzake apite. Ndivyo ilivyotakiwa. Bwana Ishara akawasha. Treni ya mashariki ikatoka handakini, ya magharibi ikaondoka stesheni, zote zikalifuata daraja.

"Shemeji," akasema mpishi, kijiko hewani. "Shemeji! Mbona zote mbili kijani?"

"Najua," akasema. Hakujua. Kabla hajamaliza neno lile, injini mbili zilikutana katikati ya daraja, moja ikapanda mgongo wa mwenzake, zikaanguka sakafuni pamoja na bibi harusi.

Mpishi alipiga yowe ambalo jirani alilijibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Bwana Ishara aliinama, akaokota injini, akaipuliza vumbi. Gurudumu moja limepinda. Alitazama gurudumu lile kwa muda mrefu, akingoja kukasirika, au kuhuzunika, chochote tu. Hakuna kilichokuja.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mpishi akasema, kwa upole safari hii. "Limepinda tu. Tutalinyoosha."

Bwana Ishara alilinyoosha kwa koleo ndogo kwa nusu saa. Kisha akaingia chini ya meza, maana ukitaka cha mvunguni sharti uiname, akafungua viungo vyote upya. Akakaa pale, miguu ameikunja, ncha za nyaya zimemzunguka kichwani. Juu yake aliona sketi ya shemeji yake na viatu vyake vya kazi. Akawaza kuhusu Jumamosi. Bila macho ya mtu mwingine reli hii haiendi popote, na kupata macho ya mtu mwingine ni kusema. Kwa miaka thelathini na minne hajasema. Angeweza kupiga simu kwa katibu wa maonyesho, aseme anaumwa. Watu wa kitambaa wangebaki chumba cha nyuma mpaka nondo wawamalize.

Mkono ukatoka chini ya meza, umeshika nyaya mbili.

"Shemeji," akasema. "Hapa mkwe ni yupi?"

"Mkwe?" Mpishi akainama, uso ukaonekana umepinduka. "Mkwe gani? Wewe una mkwe?"

"Dada yako alikuwa akiziita hivyo. Mkwe na mgeni."

Mpishi akanyamaza, na kunyamaza kwake ni habari ya kuandikwa. Zamani, alipokuwa mwanafunzi, aliishi nyumbani kwao miaka minne. Alimkumbuka dada yake sokoni mbele ya fungu la nyanya, na mumewe kashika kikapu. "Chukua hao wakwe, wageni waache, bado wabichi." Alimkumbuka mlangoni asubuhi: "Shati la mkwe hilo, kaa nalo nyumbani." Mama yao mzazi alikuwa na msemo wake: mkwe akija simama kando, mgeni njoo mwenyeji apone. Mpishi siku zote alidhani dada yake anawatania nyanya na mashati.

"Nyekundu ni mkwe," akasema polepole. "Simama. Kijani ni mgeni. Pita." Akakaa chini sakafuni kwa kishindo. "Kumbe huoni!"

"Naona. Hizo mbili tu ndizo sizioni."

"Na kazini? Yesu na Maria! Treni za watu?"

Ndipo akamweleza, akiwa mvunguni, sauti yake kavu kama anayesoma ratiba. Mikono ya chuma ya kibandani haikuhitaji rangi. Ikiwa juu ni hivi, ikiwa chini ni vile, na bendera alizipanga, moja kulia moja kushoto, hazikubadilishana mahali hata siku moja. Kipimo cha macho alikipita kwa kukariri majibu ya waliomtangulia kwenye foleni. Wiki waliyoleta taa za umeme, alikwenda kwa mkubwa wake akasema mgongo unamuuma, akaomba ghala la mizigo. Watu walimwona mpumbavu, anaacha kibanda anakwenda kuhesabu magunia.

"Hakuna aliyeumia kwa sababu yangu," akasema. "Lakini ilikuwa aibu. Bwana Ishara asiyeona ishara. Wangecheka mpaka wanizike."

"Na mimi mngeniambia! Mimi si wa nyumbani?"

"Dada yako alisema ya watu wawili ni siri, ukiijua wewe ni tangazo."

Mpishi akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ubavu, "alinijua, dada, alinijua huyu," na kicheko kilekile, bila kubadilisha hata pumzi, kikageuka kilio. Akalia sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa meza. Bwana Ishara alinyoosha mkono akampigapiga begani. Alimwonea wivu, kusema kweli.

"Wewe hulii?" mpishi akauliza, akipenga kamasi kwa upindo wa aproni.

"Sisikii kitu. Ni kama mguu uliokaliwa."

"Basi ukiinuka, inuka taratibu. Ganzi ikiachia ndiyo huuma."

Wakaanza kazi. Mpishi alishika nyaya, akasema "mkwe, mkwe, mgeni, mkwe," naye akaunganisha, na safari hii kila kiungo kikapata namba zake. Jioni hiyo treni zilizunguka mara ishirini. Moja ikifika darajani, nyingine ilisimama kwa adabu zake, kama mtu aliyemwona mama mkwe wake barabarani.

Ijumaa walifunga mizigo. Kila mtu wa kitambaa alivingirishwa kwenye karatasi. Mpishi alipofika mwisho wa jukwaa la stesheni akamng'oa mwanamume mdogo mwenye kofia, bendera moja ameiinua na nyingine ameishika kando ya paja.

"Huyo ni mimi," Bwana Ishara akasema. "Alinishona mwaka wa tano. Unaiona bendera hiyo ya kijani? Hicho ndicho kijani pekee nilichowahi kukiona vizuri maishani mwangu. Na nyekundu pia. Nilimwuliza imekuwaje, akaniambia kitambaa hushika rangi kuliko rangi ya kopo."

Mpishi akamsogeza yule mtu mdogo dirishani, akamtazama. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Kitambaa kizuri," akasema, na akamvingirisha kwenye karatasi mbili.

Jumamosi asubuhi mpishi alimkuta shemeji yake amekwisha kuvaa, amechana nywele, viatu vimepigwa rangi. Alimtazama kutoka juu mpaka chini, na alipofika chini akataka kusema neno, lakini dereva wa pikapu alikuwa anapiga honi. Wakabeba.

Ukumbi ulijaa. Kila meza ilikuwa na reli yake, na kila reli ilikuwa na mwanamume mzee amesimama nyuma yake kama baba wa bibi harusi, wengi wao wastaafu wa reli ambao Bwana Ishara aliwafahamu kwa sura. Vipande vinne vikaungana. Namba zikakutana na namba zenzake. Mpishi akasimama kando yake, bega kwa bega, akawa anasema chini kwa chini bila kutikisa mdomo: "Mkwe. Mkwe bado. Haya, mgeni njoo." Naye akaziendesha. Watu wakaja kutazama treni, wakabaki kwa ajili ya wale watu wa kitambaa. Wanawake walionyeshana bibi harusi. Mtu mmoja alimtambua mlevi wa benchini, akaapa ni mjomba wake.

Mwamuzi alifika saa tano, dereva wa treni mstaafu, mwembamba, penseli sikioni. Aliinama mpaka pua ikakaribia paa la stesheni, na alibaki ameinama hivyo kwa muda.

"Mzee mwenzangu, nimezunguka ukumbi mzima," akasema. "Treni nimeziona nyingi. Watu ndio kwanza nawaona hapa. Ni kazi ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Yuko wapi nimpe mkono?"

"Amefariki. Wiki ya sita hii." Alilisema kama anayetaja saa. Mwamuzi akatoa pole, akavua kofia, akasubiri kidogo kama inavyopasa, kisha akachukua penseli yake. Mtu wa reli ni mtu wa reli.

"Kosa ni moja tu. Dogo, lakini itabidi niliandike. Yule mwenye bendera pale mwisho."

Mpishi akakohoa. Akamkanyaga mwamuzi mguu, waziwazi kabisa, lakini mwamuzi alidhani ni msongamano.

"Bendera zake ni buluu na njano," akaendelea. "Relini bendera ni nyekundu na kijani. Wewe si wa reli? Kila siku unaitazama na kosa hilo hukuliona?"

"Unasemaje?"

"Buluu hii. Buluu kabisa, kama sare ya shule. Na ile ya njano."

Bwana Ishara alinyoosha mkono, akamng'oa yule mtu wa kidole gumba kwenye jukwaa lake, akamweka kiganjani. Alitazama. Buluu aliijua tangu utoto. Buluu ya mbingu, buluu ya ndoo, buluu ya sare za shule ambazo mkewe alizishona kila mwanzo wa mwaka, vipande vikitapakaa sakafuni. Miaka minne aliitazama bendera hii na macho yake yakamwambia ukweli, lakini mke alikuwa amesema kijani, na katika mambo ya rangi neno la mkewe ndilo lililokuwa la mwisho. Alikuwa amemshona amesimama kazini kwake, na akampa bendera anazoweza kuziona.

"Basi, si kitu," mwamuzi akasema, kwa kuwa uso wa mzee ulikuwa umeanza kubadilika. "Siandiki."

"Andika."

"Mzee..."

"Andika!" Sauti ikapanda mpaka meza ya tatu wakageuka. "Buluu na njano, andika hivyohivyo. Mimi sioni nyekundu. Sioni kijani. Sijawahi kuziona tangu nizaliwe! Nimekaa kibandani miaka kumi na saba sizioni, na mtu wa kwanza kujua alikuwa mke wangu, na amenifichia, amenishika mkono sokoni, amenivalisha, miaka thelathini na minne. Halafu akanishonea hizi. Hakuniambia. Akanidanganya ni kijani ili nifurahi!"

Wastaafu wote wa reli wakageuka. Hakuna aliyecheka. Treni ya mashariki ilikuwa darajani, ikapita, na ya magharibi ikangoja.

Kisha kikaanza. Kilianzia miguuni, akadhani anaanguka, kikapanda tumboni, kikafika kooni na kikauma, kikauma kweli, kama mwili mzima umekaliwa na sasa damu inarudi yote kwa pamoja. Alishika ukingo wa meza. Machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa, kamasi nazo, mbele ya watu waliomjua, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima. "Ameniacha," akasema. "Shemeji, dada yako ameniacha." Mpishi akamshika kiuno asianguke, naye analia. Mwamuzi alisimama na kofia yake mkononi, penseli hajui aiweke wapi.

Walisimama hivyo mpaka treni zikazunguka mara mbili. Hatimaye mzee akajifuta uso kwa kiganja ambacho hakikuwa na yule mtu mdogo, akavuta pumzi, akatazama chini.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Na soksi zangu?"

Mpishi alikuwa ameziona tangu asubuhi.

"Moja mkwe," akasema. "Moja mgeni."

Bwana Ishara akatikisa kichwa, akalia upya.